Usiende kwa Nyuki wa Mjomba

Kibera, Laini Saba
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Baba mdogo, ambaye najua ndiye ameishika karatasi hii na miwani imemshukia puani. Hamjambo hapo nyumbani? Mvua imefika? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na magoti yako, mama, yanakufikisha kisimani au bado unapumzika mara tatu njiani? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea. Moyo ndio hautulii. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya sanduku ambalo halijakauka rangi, na tangu nianze nimeshatoka nje mara mbili bila sababu.

Baba mdogo, leo tafadhali usinisahihishe Kiswahili. Wewe ndiye ulinifundisha, makosa mengine ni yako. Msomee mama polepole, na asipoelewa mwambie kwa lugha ya nyumbani, neno kwa neno. Usiruke kitu, hata kama kinakuchoma.

Naanza na lile kubwa nisije nikakatizwa. Mama, Jumapili usiende kwa mjomba kudungwa na nyuki. Usiende kabisa. Yale yote niliyokuandikia mwezi uliopita, habari za kiberiti na kikoleo na jinsi ya kuweka nyuki kwenye goti, yasahau. Ile barua ichomeni. Niliiandika nikiwa na furaha ya kijinga, na sasa nimeipata barua yenu ya kujibu na imenikosesha raha kabisa.

Sasa nieleze vizuri, maana najua utasema, "Huyu mtoto juzi alisema ni dawa, leo anasema ni sumu, ameanza kunywa?" Sijaanza kunywa.

Mnajua kazi yangu ya masanduku ya bati, yale ya watoto wa shule za bweni. Kutwa nzima ni nyundo. Mwaka huu kifundo cha mkono wangu wa kulia kilikakamaa, asubuhi vidole vinakataa kukunjika, hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Mteja mmoja akanionea huruma, akanielekeza Kawangware kwa mzee mmoja, Mzee Kamau. Huyo ni mwenyeji wa kule, ana ploti yake, vyumba vya kupangisha vimejipanga mbele, na nyuma amebakisha kipande cha shamba alichokataa kujenga. Watoto wake wanamlilia ajenge, yeye anasema kipande hicho ni cha nyuki. Ana mizinga mitano hapo. Zamani alifanya kazi kwa mama mmoja Mzungu aliyefuga nyuki, na yule mama alikuwa akijidunga nyuki mikononi kwa ajili ya baridi yabisi. Mzee akajifunza kwa kumtazama.

Hatozi pesa. Ukitaka kumshukuru unampelekea sukari ya kuwalisha nyuki wakati wa kiangazi. Ananasa nyuki mmoja mmoja kwenye kiberiti kitupu, anamtoa kwa kikoleo kidogo, anamweka penye kiungo kinachouma. Nyuki anadunga, anakufa maskini, na mwiba unabaki ukitetemeka peke yake kwenye ngozi. Mimi mara ya kwanza nilitukana, mama, nisamehe. Mzee akacheka. "Kijana, hii kitu ikifura ndio inafanya kazi," akaniambia. "Isipofura, hiyo ni maji tu." Na mkono ulifura kama andazi.

Nilienda mara sita. Mkono ukalegea, nikashika nyundo, nikaanza kupiga bati kama zamani. Sijui kama ni nyuki au ni zile siku ambazo mkono ulikuwa umefura nikashindwa kufanya kazi, ukapumzika. Wakati huo sikujiuliza. Niliwaandikia nyinyi barua ndefu, na hapa Kibera nikawa mhubiri. Mtu akilalamika mgongo, mimi nyuki. Akilalamika jino, mimi nyuki. Mafundi wenzangu wakaanza kuniita Bwana Asali.

Mmoja aliyenisikiliza ni Mama Akinyi, jirani yangu, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Kisumu Ndogo. Ni mama wa kucheka sana, mnene, mgongo unamsumbua kwa kubeba beseni. Nilimpeleka Kawangware mimi mwenyewe, tukitembea kwa miguu na yeye akinitania njia nzima kwamba nampeleka kuolewa na Mkikuyu. Siku hiyo ya kwanza alidungwa na nyuki wawili, akafura kidogo, tukarudi, kesho yake akasema mgongo umepungua. Nikatembea kifua mbele.

Jumamosi iliyopita tukarudi. Mzee akaweka nyuki wanne. Hatukuwa tumemaliza kuvaa viatu, Mama Akinyi akanishika mkono, akaniambia, "Fundi, viganja vinaniwasha." Nikasema ni kawaida. Akaanza kuvikwangua ukutani. Halafu midomo ikafura, macho yakafunga, na pumzi yake ikawa inatoka kwa mluzi, hivi, fiii, fiii. Nikamwangalia Mzee Kamau nikitarajia aseme ndio inafanya kazi. Alikuwa amegeuka rangi. Mama Akinyi akaenda chini kama gunia, kwenye vumbi, kitenge kimemfunuka, na mimi nimesimama hapo na viatu vyake mkononi.

Mungu alikuwepo. Mpangaji mmoja wa mzee ana pikapu ya kubebea mboga, tukamtupa Mama Akinyi juu ya sukuma wiki tukakimbia kliniki. Nesi alipomwona hakuuliza habari nyingi, alimdunga sindano kwanza, akamwekea ya pili, ndipo akanigeukia.

"Amekula nini?"

"Hajala kitu, sista. Ni nyuki. Tulikuwa tunamdunga kwa dawa."

"Dawa ya nani?" akaniuliza. "Nani alikuambia nyuki ni wa kuchezea watu?"

Alinigombeza mbele ya wagonjwa wote, na nilistahili. Lakini aliniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Alisema kuna watu damu yao haipatani na nyuki. Wengi wetu tunafura tu, basi. Hao wengine nyuki mmoja anaweza kuwaua. Na alisema jambo lenyewe ni la kudanganya, maana mara ya kwanza huenda usione kitu, halafu siku nyingine mwili unakasirika. "Na mtu akishaanguka hivi mara moja," akasema, "asikaribie nyuki tena maisha yake yote. Wa pili huyo anaweza kumzika. Kama huko kwenu kuna mwingine aliwahi kuanguka, mwambie leo, usingoje kesho."

Mama, hapo hapo nilikukumbuka wewe.

Unakumbuka mwaka ule nikiwa darasa la pili, ulipoanguka ukikata majani ya ng'ombe karibu na ule mti wa mzinga wa babu. Viganja vilikuwasha, ukavisugua kwenye nyasi. Midomo ikafura. Ukapumua kwa mluzi ule ule, fiii, fiii, mpaka leo nikiusikia mlango usiotiwa mafuta nageuka. Halafu ukaanguka juu ya majani yako. Ulilala kama maiti mpaka jua likapinda, bibi akikumwagia maji na kuita jina lako. Uliamka kwa neema tu.

Lakini hakuna aliyesema ni nyuki. Nyumba nzima ilisema umegusa mzinga wa baba mkwe wako. Kwetu mke wa mwana hagusi mzinga wa baba mkwe, hata mti wake haegemei, kama vile asivyokalia kiti chake. Wakasema ndio sababu umeanguka, wazee wa ukoo wamekutupa chini. Na wewe ukakubali. Ukasema labda bega liligusa mti ulipokuwa ukipita, bila wewe kujua. Ukarudishwa kwa mjomba msimu mzima wa mvua, mpaka kondoo wa kutakasa akapatikana, na hata uliporudi babu hakula tena chakula cha mkono wako mpaka tukamzika.

Basi ndio maana nilipofungua barua yenu jana nilitaka kupiga kelele. Baba mdogo ameandika maneno yako vilevile ulivyosema, nakusikia kabisa: "Mwambie Barasa asihangaike na nauli yangu ya Nairobi. Nyuki wako kwa kaka yangu. Wale wa baba mkwe walinikataa, lakini nyuki wa nyumbani kwetu hawana neno nami, nimezaliwa nao. Jumapili baada ya ibada nitaenda, kaka atanidunga watano kila goti kama mtoto alivyoandika."

Watano kila goti! Mama, nyuki wa mjomba ni nyuki wale wale. Hawaulizi umezaliwa wapi wala umeolewa na nani.

Utauliza mbona nisipande basi nije nikuambie kwa mdomo, maana huko kwetu hakuna simu. Ningekuwa nimeshafika. Mama Akinyi kliniki walimhamishia hospitali, bado amelazwa, anaongea sasa, anakunywa uji, lakini wamesema abaki waangalie kifua. Kaka yake Otieno alinijia Jumapili na wanaume wengine watatu. Hakunipiga. Aliketi juu ya sanduku langu akaniambia taratibu, "Fundi, wewe ndio ulimtoa kwa nyumba akiwa mzima. Utakaa hapa Nairobi mpaka dada yangu arudi na miguu yake. Ukitoka, sisi tutajua umehepa, na tutaenda kumwona yule mzee wako na mizinga yake." Jana nilipoisoma barua yenu nikamwendea, nikamwambia mama yangu yuko hatarini. Akasema, "Na dada yangu je?" Angekuwa dada yangu ningesema vilevile.

Kwa hiyo niko hapa. Asubuhi nauza omena zake zisiharibike. Ndiyo, mama, cheka, mwanao anauza omena Kisumu Ndogo. Wamama wa Kijaluo wananiuliza bei wakishacheka kwanza, wengine wananiambia napima kama seremala. Mchana nakwenda Kawangware kumwangalia Mzee Kamau, maana tangu Jumamosi ameziba njia ya kwenda kwenye mizinga kwa miiba na hataki kumwona mtu. Amekuwa mdogo ghafla, yule mzee. Aliniambia amedunga watu miaka mingi na hakuna hata mmoja aliyeanguka, na sasa hajui aseme alikuwa anatibu au alikuwa na bahati. Nikitoka hapo narudi kupitia hospitali, nikitoka hospitali nakuja kupiga bati, na bati nakata vibaya. Jana kifuniko kimepungua vidole viwili. Siwezi kukaa mahali pamoja. Nikikaa naiona Jumapili inakuja.

Najua, mama, mpaka hapa hujaamini. Nakujua. Unamwambia Baba mdogo, "Huyo mama wa omena ni mwingine na mimi ni mwingine. Mimi niliangushwa na mzinga." Ungekuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa ndivyo ulivyoambiwa na wakubwa wote, na hakuna aliyekuwa pale kukuambia vingine.

Mimi nilikuwa pale.

Mama, hukugusa mzinga. Bega lako halikugusa mti. Ulikuwa mbali na ule mti, hatua kama kumi na tano, umeupa mgongo, umeinama na mundu wako unaimba wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba. Siku iliyotangulia babu alikuwa amewagawia watoto wote asali akaninyima mimi kwa sababu nilikuwa nimepoteza mbuzi, nikamkasirikia. Nikaokota mawe. La kwanza likapita, la pili likapita. La tatu lilipiga mzinga katikati, nikausikia ukitoa sauti ya debe, na nyuki wakatoka. Mimi nikakimbia. Hawakunifuata mimi, walimwona mtu aliyekuwa wazi. Nilikusikia ukiita jina langu. Sikuelewa kama ulikuwa unaniita nije nikusaidie au unaniambia nikimbie, na mpaka leo sijawahi kuthubutu kukuuliza.

Halafu watu wazima wakakaa wakaulizana umefanya nini. Mimi nilikuwa hapo sebuleni kwa bibi nakula viazi. Wakasema umegusa mzinga. Nikaendelea kutafuna. Wakasema urudishwe kwenu. Nikatafuna. Ulipoondoka na kile kifurushi chako na mtoto mgongoni ulinishika kichwa ukaniambia niwe mtoto mzuri kwa bibi, na mimi nikaitikia ndiyo mama. Nilikuwa naogopa kiboko cha babu, hiyo tu. Baadaye nikawa naogopa kitu kikubwa zaidi ya kiboko, na babu alipokufa nikajiambia basi, imekwisha, haina haja ya kufukua. Nimekuwa mwanaume wa kujitegemea, nina ndevu, nina watu wananiita fundi, na kila nikija nyumbani nakuona unauzunguka mbali ule mti ambao hata mzinga hauna tena, na sisemi kitu.

Sasa nimesema. Hukuvunja mwiko wowote, mama. Hakuna mzee wa ukoo aliyekukasirikia. Uliangushwa na nyuki, kwa sababu damu yako na nyuki hazipatani, kama Mama Akinyi. Na kwa sababu hiyo hakuna nyuki duniani walio wako, wa mjomba wala wa nani. Hata ukidungwa kwa bahati mbaya shambani, usilale ukisema itapita. Wakubebe hospitali hapo hapo.

Nikasirikie. Una haki, na sitakuomba uharakishe kunisamehe. Ila unikasirikie ukiwa mzima, nikija nikukute umenuna jikoni na unikatalie chai. Hiyo nitaibeba.

Baba mdogo, sasa naongea na wewe. Wewe ndiye ulisimama siku ile ukasema umeona alama ya bega kwenye gome la mti. Sijui uliona nini. Labda uliona kweli alama, ya ng'ombe au ya mtu mwingine. Sikushtaki, mimi ndiye nilijua ukweli na nikanyamaza, wewe ulikisia tu. Na wewe ndiye uliyekwenda kudai kondoo kwa mjomba, mkatukanana mpaka mkaapa kutokanyagiana boma. Najua hujafika huko tangu siku ile.

Barua hii naipa Wekesa, yule makanga wa basi kutoka kwetu. Anaondoka leo saa nane, ataiacha dukani hapo sokoni kesho. Lakini namjua Wekesa, anaweza kukaa na barua mfukoni mpaka suruali ifuliwe. Nimemwapisha, nimempa na omena ili asisahau. Bado sina amani. Inaweza kuwafikia Ijumaa, inaweza kuwafikia Jumapili yenyewe, watu wametoka kanisani.

Msalimieni bibi, mwambieni blanketi lake nimelinunua, liko hapa. Msalimieni dada yangu Nekesa na mume wake mwalimu, na watoto wote. Mchungaji naye mpeni salamu.

Baba mdogo, salamu hizo wasomee baadaye. Kama umeifungua barua hii na mama hayupo hapo kwenye kiti chake, usimngoje arudi. Ondoka nayo mkononi, umfuate kwa mjomba. Kanyaga boma lile. Wakikufungia lango, simama nje upige kelele usome ule ukurasa wenye mawe, kwa sauti yako ya darasani, mpaka mama asikie kwamba hakugusa.

Ni mimi mwanenu,
Barasa